Barabara Nilikomwacha Kaka Yako

Tlawi, Jumamosi alasiri

Mwanangu Paskalina,

Umekwenda Endagikot kumuaga bibi yako na utarudi jua likikaribia kuzama. Mama yako yuko shambani anang'oa vitunguu saumu vya mwisho. Nimekaa mezani peke yangu, mlango uko wazi, na nina saa chache za kukuandikia jambo nililoshindwa kukuambia kwa mdomo tangu siku ulipopata kazi Arusha. Nyumbani tunasema Kiiraqw, lakini mimi kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili. Huenda ni afadhali, maana kwa Kiiraqw nisingeweza hata kuanza.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kushika vizuri mkoba wala kuwahi kazini. Mama yako amekwambia yote hayo, mengine mara mbili. Mimi nina jambo moja. Kaka yako Emanueli sikumkosa Arusha. Nilimwona. Nilisimama mbele yake, karibu kama meza hii ilivyo na ukuta, kisha nikarudi hapa nikawaambia wewe na mama yako kwamba sikumpata.

Usiichane barua, nakuomba. Isome mpaka mwisho, halafu ufanye utakavyo.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano Emanueli aliporudi kutoka seminari, kwa hiyo unakumbuka mengi. Lakini uliyaona kwa macho ya mtoto, na mimi nataka uyajue jinsi yalivyokuwa ndani yangu. Mimi ni katekista wa kigango hiki tangu kabla hujazaliwa. Kaka yako alipochaguliwa kwenda seminari nilitangaza mwenyewe kanisani. Nilitangaza kama mtu anayetangaza jambo lake, siyo la mtoto wake. Watu wakanipa mikono. Tangu siku hiyo nikaanza kutembea kwa namna nyingine. Hata mama yako aliniambia, "Siku hizi unatembea kama askofu," nikacheka, nikapenda.

Halafu akarudi mwezi wa tano na sanduku lake. Alisema hana wito. Alisema anataka kujifunza kutengeneza viatu.

"Viatu," nikamwambia. "Nimewaambia watu wote kwamba nyumba hii itatoa padre, wewe unaniletea viatu."

"Baba, uliwaambia wewe. Mimi sikuwaambia."

Hayo ndiyo maneno yaliyonichoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Sikumpiga. Mara nyingi nimefikiri kwamba kama ningempiga ingekuwa nafuu, angelia, nami ningejuta jioni ileile. Nilichofanya ni kuacha kumwitikia. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kukamua, alisimama pale mlangoni akasema, "Shikamoo baba." Mimi nikaendelea kunywa chai. Kesho yake tena, "Shikamoo baba." Nikatazama nje. Wewe unajua kwetu hapa hata mlevi akisalimiwa na mtoto asiyemjua anaitikia. Mimi, msomaji wa neno la Mungu, nilimwacha mtoto wangu asimame na salamu yake mkononi kama mtu aliyeleta chakula kisichotakiwa.

Siku moja uliniuliza, "Baba, husikii kaka anakusalimu?" Nikakwambia uwahi shule. Mama yako alinisihi chumbani, akanisihi jikoni, akamtuma hata mama yangu. Nikasema nitamwitikia akiniomba msamaha. Alikuwa ameniomba tayari, siku ya kwanza, ila siyo kwa maneno niliyoyataka.

Alinisalimu miezi minne. Sijui wapi alipata moyo wa kufanya hivyo. Kisha asubuhi moja ya mwezi wa tisa nikanywa chai yangu yote na hakuna aliyesimama mlangoni. Nilikaa nikisubiri. Ndiyo, nilikuwa nasubiri. Sikujua mpaka siku ile kwamba kila asubuhi nilikuwa nasubiri salamu ambayo sikuwa na nia ya kuipokea. Ng'ombe walianza kulia kwa maziwa. Mama yako akaenda kumwangalia, akakuta kitanda kimetandikwa.

Namba yake haikupatikana tena. Ulipita mwaka. Ndipo dereva wa lori lililokuja kubeba vitunguu saumu akaniambia kwamba amemwona kijana anayefanana naye Arusha, kwenye ile barabara kuu ya maduka. Mama yako alinifungia mkate na nguo mbili, akanipa picha ya Emanueli aliyopiga seminari akiwa amevaa tai. Akasema, "Usirudi bila yeye." Nikasema sawa.

Ni barabara ileile unayokwenda wewe. Ulipotuonyesha kwenye simu mahali lilipo duka la dawa ulikopata kazi, mama yako alipiga vigelegele, nami nikatoka nje nikasema naangalia ng'ombe. Nilikuwa nimelitambua jengo. Nimekaa na hofu hiyo wiki tatu sasa, nakuona unapiga pasi sare zako, unaimba.

Barabara hiyo naijua, Paskalina, kuliko ninavyoijua njia ya kwenda ziwani. Niliitembea siku tisa. Inaanzia juu, karibu na Mnara wa Saa, kwenye ofisi na hoteli na watalii wenye kofia, halafu inashuka kuelekea Ngarenaro, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyojaa watu. Siku ya kwanza nilipita upande mmoja tu, duka kwa duka, picha mkononi. Vitambaa, sufuria, simu, vipuri, magodoro yaliyopangwa mpaka njiani. Muziki mlango huu, tangazo la kipaza sauti mlango ule. Niliona aibu hata kuinua picha. Nilikuwa na koti langu la kanisani na watu walidhani ninauza kitu.

Siku ya pili nikajifunza. Asubuhi mapema ndiyo saa ya kuuliza, wakati wafanyakazi wanafagia mbele ya maduka na hakuna mteja; hapo mtu anakusikiliza. Saa sita usiulize mtu yeyote. Jioni wamachinga wanatandaza bidhaa zao chini na barabara inageuka nyingine kabisa, viatu, mikanda, nguo za watoto, vikombe, huna pa kuweka mguu, na hapo unaweza kupita mbele ya ndugu yako wa damu usimwone. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, Mhindi, alinipa kiti na maji, akaishika ile picha muda mrefu akasema hamjui, lakini nipite tena kesho, atawauliza mafundi wake. Nilipita. Alikuwa amewauliza kweli.

Nikatoka kwenye barabara nikaingia mitaa ya pembeni. Kaloleni nililala, kwenye nyumba ya wageni yenye ukuta wa kijani. Soko Kuu nilizunguka kati ya ndizi na parachichi mpaka wale akina mama wakanizoea, wakawa wananiita "baba wa picha." Levolosi nilipita kanisa kwa kanisa. Ngarenaro niliingia hata kwenye vilabu vya pombe, mimi, nikasimama mlangoni nikainua picha ya kijana mwenye tai, na walevi wakanyamaza kwa heshima. Unga Limited nilikwenda kwa miguu mchana wa jua kali nikarudi nimevimba nyayo. Nitakwambia jambo ambalo hata mimi lilinishangaza: katikati ya hofu ile nilianza kuupenda mji. Nilipenda jinsi watu walivyo na haraka na bado wakasimama. Nilianza kufikiri, kama mwanangu amekuja kukaa hapa, siyo kwamba amepotea. Amechagua. Wazo hilo lilikuja, nami nikalifukuza. Laiti ningekuja nalo siku ya nane.

Siku ya nane asubuhi, mama mmoja anayeuza vitenge karibu na jengo unakokwenda wewe aliitazama picha akatikisa kichwa. Akasema, "Huyu wa tai simjui. Ila yuko fundi viatu wa huko kwenu Mbulu, mwembamba, ana ndevu. Yuko humo ndani." Akaninyooshea kidole kwenye kichochoro kati ya maduka mawili. Ukitoka kwenye mlango wa duka lako la dawa, kichochoro hicho kiko mkono wa kushoto. Ndiyo maana naandika.

Ndani kuna uwanja mdogo na mafundi kama sita hivi, wameketi chini ya mabati. Harufu ya ngozi na gundi. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa anashona kandambili za ngozi, na fundi wa pembeni alikuwa anasema kitu, na Emanueli akacheka. Alicheka akiinua kidevu, kama alivyokuwa akicheka utotoni ukimtekenya. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu aende seminari. Nilisimama pale nikitazama, mwanangu, na badala ya kufurahi niliumia. Nilikuwa nimetembea siku saba nikiwaza kwamba atakuwa mgonjwa, au ana njaa, au amefungwa. Nilikuwa tayari kumwokoa. Sikuwa tayari kumkuta mzima.

Akainua macho. Akaweka sindano chini. Akasimama, akajipangusa mikono kwenye suruali, akasema, "Shikamoo baba."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Neno ambalo mtoto wa miaka miwili analijua. Nalo lilikuwa limefika mdomoni, naapa. Lakini mafundi wote walikuwa wananitazama, na nikajiona niko pale na koti langu, nimekuja mbali, nimechoka, na yeye alikuwa anacheka. Nikasema, "Kusanya vitu vyako twende nyumbani."

"Baba, nimekusalimia."

"Mama yako analia mwaka mzima. Twende."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Nilikusalimia miezi minne. Nilikuwa nasema moyoni, labda leo. Hii ni salamu ya mwisho, baba. Iitikie, au niache nifanye kazi."

Fundi mmoja mtu mzima, mwenye mvi, akasema taratibu, "Mzee, mwitikie kijana."

Sikumwitikia. Nilisema nitamsubiri nje. Nilitoka nikasimama barabarani mbele ya yule mama wa vitenge mpaka adhuhuri, na hakutoka. Kesho yake nilirudi nikakuta nafasi yake imefunikwa turubai. Nikakaa pale kwenye kigoda chake. Yule fundi mwenye mvi akaja akachuchumaa karibu yangu akasema, "Mzee, ametuambia ukiondoka atarudi kazini. Ukikaa, atahama mji." Aliyasema kwa huruma, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimemfukuza mara ya pili.

Nikapanda basi. Tulipofika Karatu bado nilikuwa nimeazimia kuwaambia kweli. Tulipokuwa tunapanda kwenye baridi ya huku kwetu nikaanza kutafuta namna ya kusema. Mama yako alikuwa amesimama pale njia panda na wewe. Aliangalia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anashuka. Nikasema, "Sikumwona." Maneno yalikuja yenyewe. Nilifikiri nimesema uongo wa siku moja, mpaka nipumzike.

Sasa nitakwambia lililo baya zaidi, na hili sijui kama Mungu mwenyewe amelisikia kwangu vizuri, kwa sababu hata kwenye kitubio nimelizunguka.

Mwaka juzi mama yako aliniuliza, tukipalilia, "Baba Emanueli, unadhani mtoto yu hai?" Nilikuwa na jembe mkononi. Nilikuwa na nafasi. Nikasema, "Mungu ndiye anayejua." Akamaliza mstari wake. Ulipofika mwezi wa kumi na moja, familia zilipoleta majina ya marehemu wao ya kusomwa kanisani, mama yako alileta karatasi yake kama wengine. Alikuwa ameandika jina la baba yake, la dada yake, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, Emanueli. Nani anasoma majina kanisani? Mimi. Nilifika kwenye karatasi ile. Nilimwona mama yako kwenye benchi la tatu ameinamisha kichwa, na wewe umemshika mkono. Nikalisoma. Nilisoma jina la mwanangu aliye hai kati ya wafu, kwa sauti nzuri, na watu wakaitikia.

Tangu siku ile silali vizuri. Mnadhani ni mgongo. Siyo mgongo.

Paskalina, sina ushauri wa kukupa. Ningekuwa nao ningeutumia. Naweza kukwambia tu kwamba kila mara nilijua la kufanya, na lilikuwa dogo, na nilikuwa na muda. Mtu akisikia habari hii atadhani nilikuwa na moyo mgumu sana. Sikuwa nao. Nilikuwa nasubiri tu wakati ambao kusema hakutaniaibisha, na huo haujaja.

Kama bado yuko pale, utamwona siku ya kwanza au ya pili. Sijui kama yuko. Miaka sita imepita, na nilishindwa hata kumtuma mtu aangalie. Kama hayupo, muulize mama wa vitenge. Muulize fundi mwenye mvi. Zunguka asubuhi mapema, wakati wanafagia. Nenda Ngarenaro, nenda Kaloleni, usiogope kuuliza, watu wa kule watakujibu. Nakuomba, mwanangu. Sikuamuru. Nakuomba kama mtu anayezama

Nimekatiza hapo. Mama yako aliingia.

Alikuja kutafuta kamba ya kufungia vitunguu saumu, akanikuta nalia. Aliuliza naandika nini. Nilifunika karatasi kwa mkono, kisha nikautoa mkono. Nilichoka, Paskalina. Nikampa. Akavuta kigoda karibu na mlango penye mwanga, na udongo bado mikononi, akasoma. Unajua anavyosoma, polepole, kidole chini ya mstari. Nilikitazama kidole kikishuka. Kilipofika kwenye karatasi ya majina kilisimama, na nikadhani hataendelea, lakini aliendelea mpaka neno la mwisho.

Nilisubiri anitukane. Ningemshukuru.

Akauliza, "Alikuwa amekonda?"

"Kidogo," nikasema. "Lakini alikuwa mzima."

"Na alikuwa anacheka."

"Ndiyo. Alikuwa anacheka."

Akasema, "Miaka sita umekaa na kicheko chake peke yako. Mimi ningekula nini kizuri kuliko hicho?" Akaweka karatasi hizi juu ya meza, akazipanga vizuri, akatoka.

Nilimsikia nje akiongea na jirani yetu Mama Theresia pale kwenye ua. Alimwomba amkamulie ng'ombe kwa siku kadhaa. Mama Theresia akauliza kuna msiba wapi. Mama yako akajibu, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake muda mrefu, "Hakuna msiba. Emanueli yu hai." Nikasikia wanawake wawili wanalia pamoja, na mimi nipo ndani, sikuweza kutoka.

Aliporudi alichukua begi lako la zamani la shule akaanza kuweka nguo zake. Akasema bila kunitazama, "Kesho naenda na Paskalina."

Nikasema, "Na mimi?"

Alikunja kitenge, akakiweka, akafunga zipu. "Wewe kesho una ibada," akasema. "Ukawaambie watu kwamba uliwasomea jina la mtu aliye hai."

Basi ndivyo ilivyo. Utakaporudi kutoka kwa bibi utamkuta amekwisha kujiandaa, na barua hii nitakuwa nimeiweka kwenye sanduku lako juu ya sare. Kesho alfajiri nitawabebea mizigo mpaka stendi ya Mbulu, kama mtaniruhusu. Mkifika kwenye kile kichochoro, mwache mama yako atangulie. Usimpelekee kaka yako salamu zangu. Sina haki ya kutuma salamu.

Basi litakapoondoka nitapanda huku kwa miguu. Ibada ni saa tatu. Kutakuwa na watu wale wale, kwenye mabenchi yale yale, na benchi la tatu litakuwa tupu. Nimejaribu hapa pembeni ya karatasi kuandika sentensi ya kwanza nitakayowaambia, nimeifuta mara nne, na jua linazama.

Baba yenu